Viatu vya Chuma vya Mashujaa wa Ulaya, na Mifano Yake Ifanywayo Siku Hizi

Waliotunga kamusi za Kiswahili wameliandika neno sapatu, maana yake kiatu chepesi kisichofungwa, cha kuvaliwa nyumbani, nao husema ya kuwa limetoka kwa Wareno, ambao kwao kiatu huitwa sapato. Neno hilo lilifika pwani yetu pamoja na meza, leso, bendera na kasha, katika zama zile za Wareno, ambao chini ya Francisco de Almeida waliipiga Kilwa na Mombasa katika mwaka wa 1505. Wahispania nao husema zapato, na watu wa kusini ya Ufaransa, katika lugha yao ya zamani, walisema sabató. Kwa neno hili la mwisho Waingereza wa kale walipata jina la kiatu cha chuma walichovaa wapiganaji wao wakubwa, wakakiita sabatoni. Basi sapatu ya bibi wa Unguja akaaye barazani, na kiatu cha chuma cha shujaa wa Ulaya akitiaye katika kikuku cha kupandia farasi, ni ndugu wa ukoo mmoja kwa jina, ingawa kwa kazi vimeachana kama mchi na mkuki. Vitabu vingi vya karne ya 19 huliacha jina hilo na kutumia sollereti, neno la Kifaransa lenye maana ya kiatu kidogo. Sisi tutasema sabatoni, kwa ajili ya undugu huo.

Twaandika habari hizi kwa sababu wanafunzi huuliza. Mwalimu aningʼinizapo ukutani picha ya shujaa wa Ulaya aliyefunikwa chuma toka utosi hata vidole vya miguu, swali la kwanza la watoto si juu ya upanga wala ngao, bali, "Mtu huyu alitembeaje?" Nasi tumesikia majibu mengi yaliyotolewa kwa swali hilo, mengine ya upuzi kabisa. Tena, siku hizi huko Ulaya na Marekani wako maelfu ya watu, makarani na mafundi na wanafunzi wa vyuo, ambao hufanyiza au hununua deraya mpya zilizofuatishwa zile za kale, wakazivaa katika sikukuu za kuigiza vita vya zamani. Wako wawachekao, wakisema ni watu wazima wachezao kitoto. Sisi twaona ya kuwa mifano hiyo imekuwa shahidi wa mambo ya kale, na kwamba baadhi ya habari tunazozijua leo hatungezijua pasipo kuivaa. Lakini shahidi huyu naye hana budi kuulizwa maswali makali, kwa maana amewahi kusema uongo, kama tutakavyoona.

Hapo mwanzo mashujaa wa farasi, ambao Waingereza huwaita naiti, hawakuwa na chuma mguuni. Katika kile kitambaa kirefu cha Bayeux, kilichotariziwa habari za vita vya mwaka wa 1066, wapiganaji walio wengi wamevaa kanzu ya pete za chuma zilizoshikamana, lakini miguu yao haina deraya. Ni mabwana wachache tu walio na pete hizo miguuni. Katika karne ya 12 desturi ikaenea ya kuvaa soksi ndefu za pete, zilizofunika paja, muundi na juu ya unyayo, na chini yake ngozi, kwa kuwa hakuna awezaye kusimama imara juu ya pete za chuma. Deraya ya namna hii huzuia makali ya upanga. Haizuii uzito wa pigo. Mtu aliyepigwa kwa rungu au shoka juu ya unyayo, hata ikiwa pete hazikukatika, mifupa ya chini yake huvunjika. Na unyayo wa mwanadamu una mifupa 26, mingi midogo, tena imefunikwa na ngozi tu isiyo na nyama. Na mpanda farasi huuning'iniza mguu wake mahali pale pale ambapo mkono wa adui aendaye kwa miguu wafika kwa urahisi.

Jinsi miguu ilivyopatwa na hatari twaijua si kwa kukisia. Katika mwezi wa Julai, mwaka wa 1361, mfalme Valdemar wa Denmark alikishambulia kisiwa cha Gotland, na wakulima wa kisiwa wakapigana na askari wake mbele ya mji wa Visby, wakashindwa. Waliokufa walizikwa katika mashimo makubwa, wengi wakiwa na deraya zao. Katika karne ya 20 wataalamu waliyafukua mashimo hayo wakapata mifupa ya watu zaidi ya elfu. Bengt Thordeman akaichapa habari yake katika mwaka wa 1939. Walikuta ya kuwa majeraha mengi ya kukatwa yalikuwa katika miguu, hasa muundi, kwani ngao na kanzu hulinda kifua, na adui hutafuta palipo wazi. Asomaye habari hizo hatauliza tena kwa nini matajiri waligharimu fedha nyingi kwa ajili ya viatu.

Basi katika karne ya 14 mafundi wakaanza kuweka mabamba ya chuma juu ya unyayo. Kazi hii yataka akili kuliko kofia ya chuma. Kofia ni kama chungu kilichopinduliwa, haina haja ya kupinda; lakini mguu hupinda mahali pawili, penye kifundo na penye mashina ya vidole, na bamba moja lisilopinda lingemfanya mtu atembee kama aliyevaa kinu. Kwa hiyo fundi alikata vipande vyembamba vingi, akavipanga kama magamba ya samaki au kama ganda la kamba wa bahari, kila kimoja kikilalia kidogo mgongo wa mwenziwe, akavishika kwa misumari midogo iliyopondwa vichwa, au kwa mikanda ya ngozi iliyofichwa ndani. Mahali pengine aliliacha tundu la msumari liwe refu kuliko msumari wenyewe, ili kipande kipate kwenda mbele na kurudi nyuma. Vipande vilivyo karibu na vidole vilikuwa vyembamba zaidi, kwa sababu hapo ndipo mwendo ulipo mwingi. Mbele kabisa palikuwa na kofia ya vidole. Chini ya unyayo hapakuwa na chuma, ila kiatu cha ngozi cha kawaida. Na sabatoni ilifungwa juu ya kiatu hicho kwa ukanda mmoja upitao chini ya unyayo, na mwingine wenye bizimu upitao nyuma ya kisigino, na pengine kwa kamba ndogo zilizotoboa ngozi ya kiatu chenyewe.

Katika mwandiko mmoja wa Kiingereza wa karne ya 15 kuna maelezo ya jinsi ya kumvika mtu atakayepigana kwa miguu. Mtumishi huanza na miguu, kisha hupanda juu kidogo kidogo, na kofia ya chuma huwa ya mwisho. Twaona sababu yake ni wazi: aliyekwisha kuvaa bamba la kifua hawezi kuinama vizuri afunge viatu, na mzigo wa chini ukikaa vibaya wa juu wote hulegea. Mwandishi yule ameshughulika sana na kiatu cha ndani. Ataka kiwe cha ngozi nene, na katika soli yake zishonwe kamba zenye mafundo, ili mguu usiteleze. Neno dogo hili latupendeza kuliko habari zote za dhahabu na vito. Aliyeliandika alikuwa amemwona mtu akianguka.

Lakini wanadamu hawaachi jambo la manufaa likae peke yake pasipo urembo. Katika karne ya 14 na ya 15 vijana wa kiungwana walipenda viatu vyenye ncha ndefu, na wafua chuma wakafuata desturi hiyo, hata sabatoni zikawa na midomo kama ya korongo. Inasimuliwa ya kuwa katika vita vya Sempach, Uswisi, siku ya tarehe 9 Julai 1386, mashujaa wa Leopold wa Austria waliposhuka katika farasi wapigane kwa miguu waliona ncha hizo zawazuia, wakazikata, na baada ya vita zikakutwa zimelala chungu chungu. Leopold mwenyewe aliuawa siku hiyo. Huko Uingereza, katika mwaka wa 1463, ilitungwa sheria iliyowakataza watu walio chini ya cheo cha lodi kuvaa viatu vyenye ncha kupita inchi 2; sheria ambayo yatuonyesha, kama sheria nyingi za mavazi, ni jambo gani watu walikuwa wakilifanya kila siku. Deraya aliyofuliwa Sigismund wa Tyrol na Lorenz Helmschmied wa Augsburg, yapata miaka ya 1480, iko Vienna hata leo, na ncha za sabatoni zake ni ndefu ajabu. Juu ya farasi hazikudhuru kitu. Na ncha za namna hiyo ziliweza kuondolewa, ili mwenyewe aposhuka apate kwenda kama watu.

Kisha, kama kawaida ya mitindo, ikageuka kabisa. Kuanzia miaka ya 1500 viatu vya Ulaya vikawa vipana mbele, vifupi, vimevimba. Na sabatoni zikafuata, hata Waingereza wakaziita mguu wa dubu, na Wajerumani mdomo wa ngʼombe. Iliyo nzuri kupita zote twaiona katika deraya ya mfalme Henry VIII, iliyofanywa katika mwaka wa 1520 kwa ajili ya mashindano ya kupigana kwa miguu katika mkutano wake na mfalme wa Ufaransa. Imefanywa kwa vipande zaidi ya 200, na uzito wake wapita kilo 40. Imemfunika mwili wote pasipo kuacha mwanya hata nyuma ya magoti na matakoni, na miguu yake imeshikamana na viatu bila pengo. Wakati fundi akiendelea na kazi, amri za mashindano zikabadilishwa, basi deraya ikaachwa kabla haijasuguliwa, na alama za nyundo zaonekana juu yake. Wanaoazima maarifa kwa wazee wasione haya: wataalamu wa Marekani waliokuwa wakifikiri juu ya mavazi ya watu waendao juu ya anga waliitazama deraya hii, wapate kujua jinsi ya kufunika viungo vya mtu kwa kitu kigumu naye bado apinde.

Tangu mwisho wa karne ya 16 bunduki zilizidi, na mzigo wa chuma ukapunguzwa kuanzia chini. Mpanda farasi akaacha sabatoni, akaacha na bamba la muundi, akavaa buti ndefu ya ngozi.

Sasa twafika penye tatizo. Sabatoni za kweli zilizosalia ni chache, haba kuliko kofia na mabamba ya kifua. Vipande vyake ni vyembamba, kutu huvila upesi. Mikanda ikioza hutawanyika, na mtu apataye kipande kimoja kisicho na wenzake hukiona kama takataka ya chuma. Basi yule atakaye kujua sabatoni ya mwaka fulani ilikuwaje hana budi kwenda makanisani, penye makaburi. Mwana wa mfalme Edward, aitwaye Mwana Mfalme Mweusi, alikufa katika mwaka wa 1376, na sanamu yake ya shaba imelala juu ya kaburi lake katika kanisa kuu la Canterbury, amevaa deraya yake yote, na sabatoni zenye ncha zaonekana kila gamba. Katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini Warwick yumo Richard Beauchamp, aliyekufa mwaka wa 1439. Sanamu yake si kama nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 mchoraji Charles Stothard alipata kuigeuza, akaona ya kuwa waliofanya sanamu ile walikuwa wameonyesha kila ukanda, kila bizimu na kila bawaba hata upande wa mgongo, ambao hakuna mtu angeuona mpaka siku ya kiyama. Wafua chuma wa leo wamejifunza mengi kwa sanamu hiyo kuliko kwa vitabu. Hata hivyo sanamu haitembei, wala haituonyeshi kilichofichwa ndani: ngozi, misumari, na yale matundu marefu tuliyoyataja.

Mfano wa tatu wa makanisa twaupenda kwa namna ulivyogunduliwa. Karibu na mji wa Mantua, Italia, katika kanisa la Santa Maria delle Grazie, yalikuwako masanamu ya watu walioponywa hatari, yamesimama kuzunguka kuta, na baadhi yake yamevaa deraya zilizopakwa rangi nyeusi. Watu walidhani deraya hizo ni karatasi tu. James Mann wa Uingereza alizichungua katika miaka ya 1920, akatambua ya kuwa ni chuma cha kweli cha karne ya 15. Kwa kawaida mambo huwa kinyume chake: watu huonyeshwa kitu kipya wakaambiwa ni cha kale.

Katika ngome ya London kulikuwa tangu karne ya 17 na mstari wa wafalme, sanamu za wapanda farasi zilizovikwa deraya, kila moja na jina la mfalme wake. Hata wafalme waliokufa kabla mabamba ya chuma hayajabuniwa walivikwa mabamba, na watu walilipa fedha kutazama, wakaamini. Samuel Meyrick, aliyekuwa amechapa kitabu kikubwa juu ya deraya katika mwaka wa 1824, ndiye aliyepewa kazi ya kuupanga upya mstari huo kwa kufuata tarehe zilizo karibu na kweli. Haikupita miaka mingi, bwana wa Eglinton huko Scotland akaandaa mashindano ya mikuki kama ya zamani, mwezi wa Agosti, mwaka wa 1839. Watazamaji walikisiwa kufika 100,000. Mwenye duka mmoja wa London, Samuel Pratt, ndiye aliyewapatia mashujaa deraya. Mvua ikanyesha siku ya kwanza hata mashujaa wakaonekana na miavuli, na magazeti yakapata kicheko cha mwaka mzima. Lakini jambo la Pratt lilidhuru kuliko mvua, kwani jina lake hutajwa pamoja na kofia na deraya za uongo zilizouzwa kuwa ni za kale. Baadaye huko Munich alikuwako Ernst Schmidt, fundi hodari, aliyetengeneza mifano kwa uwazi kabisa, akaiuza kwa matajiri waliotaka kupamba ngazi za nyumba zao. Yeye hakumdanganya mtu. Lakini kazi yake ikiisha kupita mikono mitatu minne, na kutu kidogo, na hati kupotea, imekuwa ya kale.

Kwa hiyo kosa haliko katika kufanya mfano. Liko katika kuuacha mfano uende ulimwenguni bila jina lake. Kule Canterbury vitu halisi vya Mwana Mfalme Mweusi, kofia yake na glavu zake na ngao yake na koti lake, vilivyokuwa vimetundikwa juu ya kaburi kwa karne nyingi, viliondolewa visiharibike, na katika mwaka wa 1954 vikatundikwa vilivyofanywa upya kwa mfano wake. Kila aingiaye huambiwa. Wala hatuoni kwamba heshima ya kaburi imepungua.

Turudi kwa swali la watoto. Wengi wamejibu ya kuwa mashujaa hawakuweza kutembea, na wakianguka walilala kama kobe aliyepinduliwa. Tena wameona katika mchezo wa sinema wa Henry V, uliotengenezwa na Laurence Olivier katika mwaka wa 1944, shujaa wa Kifaransa akiinuliwa kwa kamba na kuwekwa juu ya farasi kama gunia la pamba melini. Jambo hilo halina msingi. Katika habari za maisha ya Boucicaut, jemadari wa Ufaransa aliyetekwa katika vita vya Agincourt, imeandikwa jinsi alivyojizoeza kurukaruka na kupanda ngazi kwa mikono hali amevaa deraya. Wengine waliona ni sifa za kupambwa, kama zilivyo sifa nyingi za wakubwa. Lakini watu wa leo waliovaa mifano iliyofanywa sawa sawa, kwa kipimo cha miili yao, wamekimbia, wameanguka na kuinuka, wamepanda farasi pasipo kushikwa mkono.

Jibu hilo ni nusu tu, na nusu ya pili ndiyo iliyo na thamani zaidi kwetu. Katika mwaka wa 2011 Graham Askew wa chuo kikuu cha Leeds, pamoja na wenzake, walichapa habari ya majaribio yao. Waliwachukua watu wanne waliozoea kupigana kwa deraya katika makumbusho ya silaha ya Leeds, kila mmoja na deraya yake iliyofanywa kwa mfano wa karne ya 15, uzito kati ya kilo 30 na 50, wakawatembeza na kuwakimbiza juu ya mkanda unaozunguka, huku wakipima pumzi zao. Wakakuta ya kuwa mwenye deraya hutumia nguvu yapata mara mbili ya mtu asiye nayo. Tena, mzigo huo huo ukichukuliwa mgongoni hauchoshi kiasi hicho. Sababu ni miguu. Chuma kilichofungwa mapajani, katika muundi na juu ya unyayo hakikai tu kama mtungi kichwani. Kila hatua mtu hukiinua, hukirusha mbele, hukisimamisha, kisha huanza tena. Na bamba la kifua nalo huzuia kuvuta pumzi nyingi, basi aliyechoka huhema upesi upesi kama mbwa, wala hashibi hewa.

Apimaye maneno hayo na afikiri juu ya Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415. Mashujaa wa Ufaransa walishuka katika farasi, wakavuka shamba lililolimwa, ambalo mvua ya usiku ilikuwa imelilowesha, kila hatua tope likishika. Waandishi wa zamani walisema ya kuwa walipowafikia Waingereza walikuwa wamechoka mno. Wasomaji wa siku nyingi waliyapita maneno hayo haraka, wakayatazama mishale. Sisi twafikiri ya kuwa mishale ilifanya kazi yake, na mwendo ule nao ulifanya yake. Na jambo hili halikuweza kupimwa kwa deraya iliyolala ndani ya kioo, kwa maana hakuna mwenye makumbusho atakayemvika mtu kitu cha miaka 600 na kumwambia kimbia. Kwa kazi hiyo ulihitajika mfano.

Lakini ni mfano gani? Hapa twawaomba wasomaji waangalie sana. Fundi wa zamani alifua chuma chake mwenyewe, nacho kilikuwa na tabaka na uchafu ndani yake, bamba likawa nene penye hatari na jembamba pembeni. Alan Williams, aliyechunguza vyuma hivi na kuchapa matokeo yake mwaka wa 2003, ameonyesha jinsi ubora wake ulivyotofautiana, mwingine ukiwa chuma laini tu, na mwingine chuma cha pua kilichochovywa majini kwa ustadi. Fundi wa leo hununua bati la chuma kutoka kiwandani, lenye unene mmoja toka mwanzo hata mwisho. Akiwa mwangalifu hulifua kwa nyundo mpaka unene ubadilike. Akiwa na haraka hulikata na kuliunga kwa moto, na kazi imekwisha. Nyingi za bei rahisi hufanywa India, kwa vipimo vya jumla, kubwa na ndogo. Kwa kofia yaweza kufaa. Kwa sabatoni haifai, kwa kuwa mpindo wa mabamba lazima uangukie mahali pale pale pa mpindo wa vidole vya mwenyewe. Ukipungua au ukizidi kwa upana wa kidole kimoja, ukingo wa bamba humla mguu kila hatua. Mtu aliyevaa za namna hiyo akachechemea siku nzima hana haki ya kusema kwamba wazee walichechemea.

Tena iko tofauti ya makusudi. Huko Poland, kila mwaka tangu 1998, huigizwa vita vya Grunwald vya mwaka wa 1410 mahali pale pale vilipopiganwa, na waigizaji hujitahidi kufuata mavazi ya mwaka ule. Wako pia wapiganao kweli kweli kwa silaha butu, kwa mashindano ya mataifa; hao huzidisha unene wa chuma kwa ajili ya usalama, na twaona wamefanya vema, kwani mshindi hurudi kazini Jumatatu. Na wako watakao sura tu, kwa ajili ya mchezo wa jukwaani au sinema, nao hutumia ngozi, au vitu vyepesi vilivyopakwa rangi ya fedha. Kila mmoja ana haki yake. Ila ushahidi juu ya habari za kale twaweza kuuchukua kwa wale wa kwanza peke yao, na kwao pia si katika kila jambo: maumivu ya mguu waweza kutufundisha, lakini hofu ya mtu ajuaye kwamba atakufa kabla ya jioni haimo katika mfano wowote.

Kwa walimu wa dini tuna neno moja. Imekuwa desturi kuonyesha picha ya shujaa wa karne ya 15 wakati wa kufundisha Waefeso sura ya 6. Askari aliyekuwa mbele ya macho ya Paulo alikuwa wa Rumi, wa miaka 1,400 kabla ya picha ile. Miguuni hakuwa na bamba lolote. Alivaa kiatu cha ngozi kilichokatwa mikanda mikanda, kilichofungwa mpaka juu ya kifundo, na soli yake imepigiliwa misumari ili ishike ardhi. Kiatu hicho ni cha kwendea safari ndefu na kusimama imara, wala si cha kuzuia pigo, na mwalimu atakayewaeleza watoto hivyo ataona kifungu chenyewe chafunguka vizuri zaidi. Goliathi naye alikuwa na shaba ya kulinda miguu, lakini ilikuwa katika muundi.

Na wale wafanyao michezo ya shule kwa madebe yaliyokatwa, hawana haja ya kununua kitu. Debe likikunjuliwa na kukatwa vipande vya upana wa vidole viwili, kingo zake zikakunjwa zisikate, vipande vikapangwa toka vidoleni hata kifundoni, vyaweza kushonewa kwa uzi wa katani juu ya kiatu kikuukuu cha ngozi au cha turubali. Vipangwe hali kijana amevaa kiatu na amepiga goti moja, ili mguu uwe umepinda, maana vikipangwa mguu ukiwa umenyooka havitapinda tena. Soli iachwe ya ngozi au mpira. Ukanda upitao chini ya unyayo utazamwe kila mara kabla ya mchezo, na ubadilishwe ungali mzima, kwa sababu ndio unaokwisha kwanza.